Fukusi Amekula Nini Hapa?

Baba,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo halafu nikainua kalamu, kama mjinga, nikisubiri marahaba yako ile ya kukokota. Haikuja. Basi niendelee.

Nakuandikia kutoka Laela, chumbani kwangu hapa shuleni, Jumamosi asubuhi. Dirisha nimelifunga maana upepo wa mwezi huu unaujua mwenyewe. Wiki ya saba hii tangu tukuzike. Walimu wenzangu wanasema nimekonda, nawaambia ni baridi, wanaitikia tu kwa adabu.

Nianze na habari za nyumbani, kwa sababu wewe hukuwa tayari kusikia jambo lolote kabla hujaambiwa nyumbani wanaendeleaje. Mama hajambo. Ila upande wako wa kitanda haugusi, analala kajibana ukutani utadhani umetoka kidogo tu na unarudi. Mdogo wangu Didasi amevuna maharage yote peke yake, hakuita mtu, na akimaliza kazi anakaa nje mpaka giza liingie. Konsolata bado anakupakulia. Anaweka sahani, anakumbuka, anairudisha kabatini, na sisi wengine tunajifanya hatukuona. Mjini wamefungua shule ya watoto wadogo, ya kulipia, wanafundishwa Kiingereza tangu chekechea. Wanapita barabarani na sweta zao za kijani wakihesabu kwa Kiingereza. Ungeshuka kwenye baiskeli uwasikilize mpaka wapotee.

Sasa niseme kilichonikalisha hapa.

Siku ya kumaliza matanga, baba mdogo Kasiani aligawa vitu vyako. Koti alipewa Didasi, baiskeli ikabaki ya nyumba. Lilipofikiwa lile sanduku lako la bati akasema, "Makaratasi apewe mwalimu, ndiye anayeyajua." Watu wakakubali. Nikalibeba mpaka Laela kwenye basi, nimelipakata mapajani, na kwa wiki kadhaa sikulifungua. Nililisukuma chini ya kitanda. Nilijua kuna nini humo ndani, Baba. Wewe barua hukuwa ukitupa. Nilijua barua ya Mtowisa imo.

Naomba nieleze toka mwanzo, hata kama unajua. Nikianzia katikati nitakimbia, najijua.

Ushirika ulipokufa mimi nilikuwa kidato cha pili pale mjini. Wewe ulikuwa karani wa ghala tangu sijazaliwa. Yakaanza kuja malori ya wanunuzi binafsi, kila mmoja na mzani wake na bei yake, wazee wakasema siku hizi kila kitu ruksa, na ghala likafungwa. Ulirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea, ukakaa kwenye kigoda chako nje ukiangalia barabara. Mama alikuwa na mimba ya Konsolata na mguu wake ulishaanza kuvimba.

Ndipo ukasikia kuna mradi wa mpunga kule bondeni, Mtowisa, wa wageni kutoka nje, wanatafuta mtunza ghala. Kazi uliijua. Mtu mwenye macho yako hakuhitaji mashine kujua kama nafaka imeingia unyevu. Ulikuwa unatafuna punje moja tu na kusema. Lakini walitaka mtu wa Kiingereza, na chako cha darasa la nane kilikuwa kimeshika kutu. Jumamosi moja nikiwa nimerudi kutoka bweni ulinifuata jikoni. Ukavua kofia, ukachuchumaa mbele yangu na kupiga yale makofi ya adabu tunayowapigia wakubwa. Ukasema, "Mama, nimekuja kuomba shule." Uliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yako, hilo nilizoea. Lakini makofi! Niliona aibu mpaka nikageukia moto. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Tukaanza. Kusoma Kiingereza kilichonyooka hakukukupa shida, ulikuwa unakwenda polepole lakini unafika. Shida ikawa yale maneno ya mkato. Ulikuwa unaijua *is* na *has* na *had* na *would*, kila moja kwa sura yake. Kisha ukakutana na *he's*. Nikakwambia hiyo ni *he is*. Ukaandika. Mstari wa pili ukakutana nayo tena, nikakwambia hapa ni *he has*. Uliweka kalamu chini ukanitazama kama unavyomtazama mkulima anayejaribu kukuuzia gunia lenye mawe. "Huyu huyu?" Huyo huyo, Baba. Na *I'd* nayo ikawa hivyo hivyo, mara *I had*, mara *I would*, na alama ni ileile, kale kamkato kananing'inia juu.

Wewe ndiye uliyekapa jina. Ulisema huyo ni fukusi, yule mdudu anayetoboa nafaka ghalani. Amekula herufi, ameacha tundu, na kazi ya mwenye ghala ni kujua ameliwa nani. Ukawa kila ukikutana naye unaweka kidole na kuuliza, "Fukusi amekula nini hapa?" Nikakufundisha uangalie neno linalofuata. Baada ya *he's*, ukiona *going* au *tired*, aliyeliwa ni *is*. Ukiona *gone* au *been*, ni *has*. Baada ya *I'd*, kitenzi kikiwa kitupu kama *go*, ni *would*. Kikiwa kimeshapita kama *gone*, ni *had*. Ulipenda sana hiyo. Ulisema hata ghalani ukitaka kujua gunia hili limetoka kwa nani unaangalia lililopangwa baada yake. Hilo leo nawafundisha watu wazima wa hapa Laela, madereva na wanunuzi wa mahindi, kwa maneno yako hayohayo, na wanacheka na hawasahau. Sijawaambia nimelitoa wapi. Nitawaambia.

Ukaenda kwenye usaili. Uliporudi ulikuwa umechoka na umechangamka vyote pamoja. Ulituambia yule mgeni mkubwa wa mradi anaongea fukusi mwanzo mwisho, neno zima hulipati, lakini ulikuwa unategea neno linalofuata unajibu. Mengine yalikupita. Mama alicheka siku ile mpaka akashika tumbo.

Barua ililetwa na dereva wa lori baada ya wiki tatu. Konsolata alikuwa na siku tisa. Iliandikwa kwa mkono, yule mgeni aliandika vilevile anavyoongea. Unakumbuka desturi ya nyumbani kwetu: barua ya Kiingereza husomwa na mwenye shule, watu wote wakiwa wamekaa, na ikishasomwa hakuna anayeipeleka kwa mtu mwingine kuisoma tena, kwa sababu ni kumwambia msomaji wa kwanza kwamba ni mwongo. Ulimkalisha mama, ukamkalisha baba mdogo Kasiani aliyekuwa amekuja kumwona mtoto, ukakaa mwenyewe, kofia mkononi. Ukanipa barua kwa mikono miwili.

Nikaisoma kimoyomoyo kwanza. Ilisema umechukuliwa. Uripoti Mtowisa ndani ya wiki mbili, nyumba ipo, uje peke yako kwanza.

Baba, nisikilize. Asubuhi ile, kabla barua haijafika, nilimsikia baba mdogo akimwambia mama kwamba kaka akipata kazi ya bondeni, Felista itabidi aache shule akae na mama yake, maana mguu huo na kichanga hicho na matuta hayo nani atayaweza. Mama hakubisha. Alisema, "Tutaona." Wewe unajua tutaona ya mama maana yake ni ndiyo. Mimi nikasimama pale na karatasi, nikaona daftari zangu, nikaona jembe, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema hawakukuchukua. Mkaniangalia. Nikaona haitoshi, uongo mtupu hausimami, nikauwekea mguu: nikasema wamesifu kazi yako lakini Kiingereza hakijatosha, hasa maneno ya mkato. Hata sijui nilitoa wapi. Nilitoa pale ulipokuwa na kidonda.

Uliipokea barua yako, ukaikunja palepale ilipokunjwa mwanzo, ukaiweka sandukuni. Kisha ukaniambia, "Asante, mama, umesoma vizuri."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaanza kupasua kuni ambazo hakuna aliyeniomba.

Nilijipa wiki moja niseme. Wiki ikapita. Nikajipa mpaka likizo. Likizo nikakuta umepata kibarua mjini, kwenye ghala lilelile la ushirika, sasa la tajiri mmoja, unashona midomo ya magunia. Wewe uliyekuwa na funguo zake! Umekaa mlangoni na sindano kubwa na uzi wa katani, vumbi la mahindi limekujaa kope, na kijana wa kwenye mzani anakupigia kelele mzee harakisha. Nilikuja na rafiki yangu wa bweni, nikakuona kwa mbali, nikampitisha njia nyingine. Na hilo nalo liandike kwenye makosa yangu. Ulishona magunia mpaka kifua kilipokukatalia. Sisemi ni vumbi lililokuua, mimi si daktari. Lakini silali.

Na bado ukaendelea na shule. Kila likizo, kigoda nje, daftari gotini. Nilidhani utaacha, nikaomba uache. Ukasema kama ni maneno ya mkato yaliyokushinda basi utayashinda. Hapo ndipo nikawa mbaya zaidi, na hili sikuwahi kulisema hata kwa padri. Niliona kwamba ukijua Kiingereza vizuri, siku moja utalifungua sanduku na kuisoma mwenyewe. Kwa hiyo nikakuchelewesha. Ukitaka tusome gazeti, nakurudisha kwenye fukusi. Ukipatia, nasema rudia. Likizo baada ya likizo, *he's* na *he'd*, *he's* na *he'd*, mtu aliyeyaelewa tangu wiki ya pili. Ni mwalimu gani anafanya hivyo? Leo mimi nina wanafunzi sabini na sijapata kumfanyia hata mmoja wao hivyo.

Nawe ukawa na mtindo wako. Nikimaliza kueleza, unanitazama, halafu unauliza, "Hakuna lingine, mama?" Najibu hakuna. Unasema, "Haya," unafunga daftari, unaenda kufungia mbuzi.

Nilimaliza kidato cha nne. Nikaenda chuo cha ualimu. Uliuza ng'ombe wako wa pekee, yule mwekundu, ukanisindikiza mpaka kwenye basi, ukanibebea begi kichwani nikikukataza. Nikawa mwalimu. Ukawaambia watu wote wa kanisani.

Siku mbili kabla hujafariki nilifika kutoka hapa. Ulikuwa umeegemezwa mito, pumzi inakuja kwa vipande. Mama akatoka kuchemsha uji. Ukanishika mkono, ukasema kwa sauti ndogo, "Nieleze tena ile *he's*." Nilidhani homa imepanda. Nikakueleza, nikilia, kama unavyomweleza mtoto. Ukanisikiliza mpaka mwisho. Ukauliza, "Hakuna lingine, mama?" Nikasema hakuna, Baba, pumzika.

Haya. Jumapili iliyopita nililivuta sanduku.

Barua ilikuwa chini kabisa, ndani ya kitabu chako cha sala. Nikaifungua kwenye mikunjo yake. Na juu ya kila neno la mkato, kwa wino wa kijani, kwa mwandiko wako ule wa kubandika lebo za ghala, umeandika kilicholiwa. Juu ya *we'd* umeandika *we would*. Juu ya *you'll* umeandika *you will*. Pale anapomtaja mtunza ghala wa zamani, *he'd left*, umeandika *he had*. Mahali pamoja kwenye *it's* ulikosea ukaandika *it has*, ukakata, ukaandika *it is*. Yote sahihi. Ningekupa mia kwa mia. Hukuandika neno lingine lolote, hata pembeni, hata nyuma.

Wino wa kijani, Baba. Kalamu ile ya kijani nilikuletea mimi kutoka shuleni likizo ya katikati ya kidato cha tatu, na iliisha kabla ya mvua. Nakumbuka ulivyoipuliza na kuisugua kwenye kiatu ikakataa. Nimehesabu na kuhesabu tena. Ulijua nikiwa bado sijaingia kidato cha nne. Ulijua ulipokuwa unauza yule ng'ombe. Ulijua ulipokuwa unabeba begi langu. Miaka yote ile ulikuwa unakuja kwenye kigoda na daftari kujifunza kitu unachokijua, kutoka kwa mtoto unayejua alikufanyia nini.

Nitakwambia ukweli, jambo la kwanza lililonijia ni hasira. Nilikukasirikia nikapiga sanduku teke. Kwa nini hukunichapa? Ungenipiga hata kibao kimoja, ungeniita mbele ya baba mdogo ukasema huyu mtoto ni mwongo, ningelia, ningeomba radhi, yangeisha. Wewe ukanyamaza! Ukaniacha nibebe mzigo na wewe ukiwa umeshika upande wa pili, mimi sijui. Huo ni upole gani, Baba? Upole mwingine unaumiza.

Halafu nikakaa sakafuni, nikaanza kuyasikia masomo yetu upya. Nieleze tena hii. Hakuna lingine, mama? Kila likizo. Mpaka kitandani, na pumzi ile. Hukuwa unauliza habari za Kiingereza hata kidogo. Ulikuwa unanifungulia mlango, unakaa pembeni, unasubiri nitoke mwenyewe. Ni mara ngapi? Sitaki kuhesabu. Na mimi kila mara nimesema hakuna, na wewe ukasema haya, ukaenda kufungia mbuzi.

Nisamehe. Najua kwa namna yako ulishanisamehe, ng'ombe ni shahidi, lakini sikuwa nimeomba, na mtu anatakiwa aombe. Nisamehe kazi yako. Nisamehe mgongo wako na kifua chako. Nisamehe kukupitia mbali pale ghalani. Nisamehe kwamba nilikufanya uamini, hata kama ni kwa mwaka mmoja na kitu, kwamba kichwa chako hakikutosha. Kilitosha. Kilikuwa kizuri kuliko changu.

Sasa ahadi, maana sitaki kukuachia machozi peke yake.

Mama hajui. Namfahamu, na najua hukumwambia, kwa sababu angenivaa siku hiyohiyo. Jumapili ijayo tunaweka msalaba kaburini, watakuwepo wote: mama, Didasi, Konsolata, baba mdogo Kasiani, wazee wa jumuiya. Nitakuja na barua ya Mtowisa. Wakishakaa nitasimama, nitaisoma kwa Kiingereza kama ilivyo, kisha kwa Kiswahili neno kwa neno, na nitawaambia ni nani aliyeisoma mara ya kwanza na alisoma nini. Naogopa, usifikiri siogopi. Mama akinifukuza nitaondoka bila kumjibu, na nitarudi wiki inayofuata, na inayofuata, mpaka anikalishe. Baba mdogo akisema maneno, ayaseme. Wakiamua nisiitwe tena kusoma barua ya mtu, watakuwa na haki.

Ila kabla sijawaambia wao, nikuambie wewe neno lenyewe. Najua ulishalisoma kwa macho yako, na wino umelikuta kabla yangu. Lakini lilitakiwa litoke kinywani mwangu, siku ile, ukiwa umekaa na kofia mkononi, na mimi sijawahi kulitamka hadi leo. Nimefunga mlango hapa, nalisema kwa sauti huku naliandika.

Kwaheri, Baba. Wamekuchukua. Umepata kazi.

Mwanao,
Felista